Choo Kigumu kwa Mama Aliyejifungua

Kufunga choo baada ya kujifungua ni hali inayomfanya mama aende haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, au aende kwa kujikamua mno, atoe choo kikavu cha vidonge kama cha mbuzi, kisha ainuke akihisi bado hajamaliza. Watu hawalingani katika jambo hili. Kuna anayekwenda kila asubuhi na kuna anayekwenda siku moja baada ya nyingine, na wote ni wazima. Kinachotazamwa ni ugumu wa choo, maumivu, na jinsi mambo yalivyobadilika kutoka desturi ya mwili wa mama mwenyewe. Siku chache za namna hiyo baada ya uzazi ni za kawaida. Wiki kadhaa si za kawaida, na mama anayeambiwa avumilie tu kwa kuwa ndivyo uzazi ulivyo ananyimwa matibabu ambayo yapo, na mengi yake ni mepesi.

Choo cha kwanza kwa kawaida huja siku ya pili au ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa. Kuchelewa huko kuna sababu. Wakati wa uchungu mama hula kidogo au hali kabisa, wengi hutoa choo wakati wa kusukuma mtoto, na utumbo hubaki hauna cha kupitisha. Aliyejifungua kwa upasuaji hukawia zaidi, kwa maana utumbo hulala kwa muda baada ya tumbo kufunguliwa. Ndiyo maana wauguzi wa wodi ya wazazi humwuliza kama ametoa hewa. Hewa ikitoka, utumbo umeamka. Tatizo lenyewe huonekana baadaye, siku zinapogeuka kuwa wiki. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2007, uliofuatilia wanawake 103 tangu mimba zikiwa changa, asilimia 24 walikuwa na dalili za kufunga choo miezi mitatu baada ya kujifungua. Miezi mitatu ni wakati ambao majirani wameshaacha kuleta uji, na wengi wamesahau kwamba mama huyo bado anapona.

Maelezo haya yanamlenga mama wa Rongai, ile ya Kaunti ya Nakuru, si Ongata Rongai iliyo jirani na Nairobi. Iko takriban kilomita 30 kutoka jiji la Nakuru, ng'ambo ya Menengai, penye mashamba ya mahindi, maharagwe, ngano na mkonge, na ng'ombe wa maziwa katika maboma mengi. Chakula kipo na maziwa yapo. Hata hivyo, karibu kila kitu kinachoweza kumfunga mama choo kinapatikana Rongai, na karibu kila kitu cha kumfungua kinaota au kinauzwa hapo hapo.

Sababu ya kwanza huanza mimba ikiwa changa. Homoni ya projesteroni, inayotuliza misuli ya kizazi ili kisimsukume mtoto kabla ya wakati, hulegeza pia misuli ya utumbo. Chakula hupita polepole, na kadiri kinavyokaa katika utumbo mpana ndivyo maji yake yanavyozidi kunyonywa. Baada ya kujifungua homoni hiyo hushuka ndani ya siku chache. Kwa hiyo haiwezi kubebeshwa lawama ya choo kigumu cha wiki ya sita. Hapo kuna kingine.

Kwa akina mama wengi, hicho kingine ni maumivu, na hofu ya maumivu. Mtoto anapopita, msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaweza kuchanika, au mkunga akaukata kuongeza njia, kisha ukashonwa. Bawasiri zilizoanza wakati wa mimba huvimba kwa kule kusukuma. Wengine hupata mpasuko kwenye mdomo wa njia ya haja kubwa, kidonda kidogo kisichoonekana kwa urahisi lakini kinachochoma kila choo kinapopita, na kuendelea kuuma muda mrefu baadaye. Mama wa namna hiyo akipata haja, huibana. Anaogopa nyuzi zitakatika. Haja ikibanwa hupoa, sehemu ya mwisho ya utumbo huzoea kukaa imejaa, na choo kilichobaki humo huzidi kukauka. Kesho yake kinakuwa kikubwa na kigumu kuliko cha jana, kinachana upya kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga, na hofu ya mama inazidi mara mbili. Mzunguko huo ukiachwa bila kukatwa unaweza kudumu miezi.

Nyuzi hazikatiki kwa choo laini. Hilo mama anapaswa kuambiwa kwa maneno wazi kabla hajatoka wodini. Na kwa sababu hiyo hiyo, matibabu huanza kwa kulainisha choo, wala si kwa kumhimiza mama ajitahidi kwenda. Kumpeleka chooni huku choo kikiwa kigumu ni kumrudisha kwenye maumivu yale yale anayoyakimbia. Maumivu nayo yatibiwe. Parasetamoli na aibuprofeni zinafaa kwa wengi wanaonyonyesha, na kukaa ndani ya beseni safi la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, kunalegeza misuli iliyokazana kwa uchungu. Dawa kali za jamii ya afyuni, kama pethidini, tramadoli na kodeini, hulaza utumbo. Mama aliyepasuliwa anayeendelea kumeza tramadoli nyumbani anaweza kudhani kwamba ni kidonda kinachomfunga choo, kumbe ni dawa. Isitoshe, tangu 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imeshauri kwamba kodeini na tramadoli zisitumiwe na anayenyonyesha, kwa sababu hupita kwenye maziwa na zinaweza kumdhuru mtoto.

Kisha kuna vidonge vya damu. Kenya humpa mama mjamzito kidonge cha kila siku chenye miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na Shirika la Afya Duniani linashauri, mahali ambapo upungufu wa damu umeenea, chuma kiendelee kumezwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Chuma kisichoingia kwenye damu hubaki tumboni, hukausha choo na kukipaka rangi nyeusi. Weusi huo pekee si hatari. Akina mama wengi huacha vidonge kimyakimya, na aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua ndiye anayeumia zaidi kwa kuviacha. Njia iliyo bora ni kumweleza muuguzi, kwa sababu kidonge kinaweza kumezwa siku moja na kurukwa siku inayofuata, au kubadilishwa kwa aina nyingine. Kinachofaa ni kukimeza kwa maji na chungwa, na chai ikae mbali nacho angalau saa moja. Hapa ndipo mazoea ya eneo hili yanapogongana na dawa. Chai ya maziwa hunywewa asubuhi, saa nne na jioni, na chai pamoja na maziwa huzuia chuma kisiingie mwilini. Mama anayemeza kidonge chake kwa chai anapata faida kidogo sana, na kufunga choo kwote.

Jambo jingine halitajwi kliniki mpaka liulizwe. Sokoni huuzwa mawe laini ya udongo, odowa, ambayo wajawazito huyatafuna kwa hamu kubwa na wengine huendelea nayo baada ya kujifungua. Udongo huo hushikana na chuma tumboni kabla mwili haujakitwaa, huzidisha upungufu wa damu ambao huenda ndio ulioleta hamu yenyewe, na hugandisha choo. Muuguzi anayeuliza mama anakula nini bila kuuliza habari za odowa hupata nusu ya jibu. Aulize kwa upole, maana anayekaripiwa hukana.

Chakula kinahitaji kuelezwa kwa urefu zaidi, kwa kuwa ndicho kilicho mikononi mwa watu wa nyumbani. Siku ya tatu baada ya kurudi kutoka hospitali, mlo wa mama mara nyingi huwa hivi: asubuhi chai ya maziwa na mkate mweupe, saa nne uji laini wa unga uliochekechwa, wenye maziwa na sukari, mchana ugali mweupe wa unga wa pakiti na supu ya mifupa, jioni ugali tena na kuku, na kikombe cha maziwa au mursik, yaani maziwa ya mgando, kabla ya kulala. Kila kimoja kimeletwa kwa upendo, na kina nguvu ya kurudisha mwili. Kinachokosekana ni nyuzinyuzi, yaani zile sehemu za mmea ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, zinazoshika maji, zinazokipa choo unene na ulaini, na kuuamsha utumbo usukume.

Sehemu kubwa ya elimu ya nyuzinyuzi ilizaliwa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko alifahamiana na Hugh Trowell, daktari aliyekuwa amefanya kazi Kenya kabla ya Uganda. Wote wawili walishangaa kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao. Mwaka 1972 Burkitt, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, walichapisha vipimo vyao katika jarida la The Lancet. Wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula chao kilipita kwa siku moja na nusu hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa choo cha gramu 100 na kidogo, kilichochukua zaidi ya siku tatu kupita. Tofauti kubwa ilikuwa sahani: Uganda kunde, ndizi, viazi na nafaka isiyokobolewa, Uingereza mkate mweupe na sukari. Miaka hamsini baadaye unga mweupe na mkate mweupe viko katika kila duka la Rongai, na vinahesabiwa kuwa chakula cha heshima kinachomfaa mgonjwa na mzazi. Heshima hiyo inamgharimu mama aliyejifungua kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Na kuna zao moja lililolibeba jina la Rongai mpaka Australia. Mwaka 1962 wakulima wa nchi hiyo walipewa aina ya mmea wa njahi iliyotokana na mbegu za huku, na ikaitwa Rongai. Hupandwa mpaka leo katika nchi nyingi kwa ajili ya kulisha mifugo na kurutubisha udongo. Njahi nyeusi yenye mstari mweupe ndiyo inayopikwa majumbani, na kwa Wakikuyu ni chakula cha mama aliyejifungua tangu zamani, ikipondwa pamoja na ndizi au viazi. Husemwa kwamba huleta maziwa. Wazee waliosisitiza mzazi ale njahi walikuwa wakimpa pia kile ambacho ugali mweupe na supu havina. Kikombe kimoja cha jamii ya maharagwe yaliyoiva vizuri kinaweza kutoa gramu 13 au zaidi za nyuzinyuzi, na mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku. Bakuli moja la mchana linafikia nusu ya hesabu. Njahi kavu hulowekwa usiku kucha, maji hayo humwagwa, huchemshwa, maji ya kwanza ya moto nayo humwagwa, kisha hupikwa mpaka zilainike kabisa. Mbegu zake zikiwa mbichi zina kemikali zinazodhuru, na kumwaga maji hupunguza pia gesi.

Baadhi ya familia humkataza mama maharagwe, kabichi na mboga za majani zikihofia kwamba mtoto atapata msokoto. Gesi ya tumbo la mama haipiti kwenye maziwa, wala nyuzinyuzi hazipiti. Mama ale. Managu, saga, terere, kunde na sukuma wiki vinapatikana kwa mama mboga yeyote, na mrenda una utelezi ambao wenyewe ni aina ya nyuzinyuzi inayoshika maji. Unga wa posho mill usiokobolewa ni bora kuliko wa pakiti, na uji wa wimbi usichekechwe mpaka ubaki wanga mtupu. Githeri inafaa. Paipai, parachichi, mapera na machungwa yanayoliwa pamoja na nyama zake, badala ya kukamuliwa maji, yanafaa pia. Kitu kimoja tu kinahitaji uangalifu: vyakula hivi viongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi. Mama aliyekaa siku tano kwa uji na supu akipewa sahani kubwa ya njahi kwa mkupuo mmoja, tumbo litamvimba na atakichukia chakula chenyewe.

Nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake hutoa karibu robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku, na maji hayo hutoka mwilini mwake. Mahitaji yake, pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula, hukaribia lita tatu. Desturi rahisi ni kuwa na kikombe cha maji karibu kila anapokaa kunyonyesha, anywe hadi kiu iishe. Katika miezi ya Januari na Februari, Rongai inapokauka na vumbi kutimka, kiu huja mapema zaidi.

Lakini kumwambia mama wa Rongai anywe maji mengi ni kumwongezea kazi mtu fulani, kwa sababu katika maboma mengi maji hubebwa kwa mitungi ya lita 20. Mama mwenye kidonda cha upasuaji hapaswi kubeba mtungi huo, na akijua kwamba maji ni ya kuhesabu, atakunywa kidogo ili yatoshe kufulia nguo za mtoto. Kuna suala la maji yenyewe pia. Bonde la Ufa lina visima vingi vyenye floraidi iliyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watu waliokulia Nakuru ni ushahidi unaoonekana. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, na Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilikuwa miongoni mwa walioleta vichujio vya mkaa wa mifupa kwa ajili ya kuipunguza. Mama anayenyonyesha asinywe maji machache kwa kuogopa floraidi: maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata pale ambapo maji anayokunywa yana nyingi. Familia yenye tangi la maji ya mvua ifanye maji hayo kuwa ya mama kunywa.

Baada ya chakula na maji huja choo chenyewe, mahali na wakati. Utumbo mpana huwa na nguvu zaidi asubuhi na baada ya kula. Kifungua kinywa cha moto huuamsha, na haja huja ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo saa ambayo mama hawezi kuondoka. Watoto wakubwa wanaandaliwa kwenda shule, kichanga kinalia, na katika nyumba za kupanga choo kimoja kinatumiwa na milango sita, foleni ikiwa imeshaanza. Mama huahirisha. Akiahirisha kila siku, utumbo huacha kumwita. Kumshikia mtoto kwa dakika kumi kila asubuhi baada ya chai, bila kuombwa, ni msaada mkubwa kuliko zawadi nyingi zinazoletwa siku ya kuja kumwona mtoto. Baba anaweza. Mama mkwe anaweza. Msichana wa kazi anaweza.

Choo cha shimo kina faida moja isiyosemwa. Kuchuchumaa hunyoosha njia ya haja, kwa sababu msuli unaoikunja mtu anapokaa hulegea magoti yakipanda juu ya nyonga. Wiki za kwanza, hata hivyo, mwenye nyuzi au kidonda cha upasuaji huenda asiweze kuchuchumaa, miguu ikamtetemeka, akaharakisha kutoka. Kiti cha mbao chenye tundu, kinachoweza kutengenezwa na fundi yeyote na kuwekwa juu ya shimo, kinamsaidia, mradi miguu iwe juu ya kigoda au tofali ili magoti yainuke, mwili uinamishwe mbele, na viwiko viwekwe juu ya mapaja. Aliyeshonwa msamba anaweza kuuegemeza kwa kitambaa safi alichokikunja mkononi, akikibana taratibu kutoka mbele wakati choo kinatoka. Aliyepasuliwa hukunja leso na kuikandamiza juu ya mshono. Pumzi isizuiliwe, atoe pumzi polepole, tumbo litanuke, na njia ilegee. Dakika kumi zikipita bila kitu, ainuke, atembee, ajaribu tena baada ya mlo mwingine. Usiku ni shida ya peke yake, kwa kuwa choo kiko nje na giza linatisha; ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba haina aibu kwa mtu anayepona.

Kutembea husaidia. Kuzunguka boma siku za mwanzo, kisha kwenda hadi barabarani na kurudi, kunatosha. Kufunga tumbo kwa leso kwa kukaza sana hakuufungui utumbo, na mkazo huo huishukia misuli ya chini ambayo imetoka kuchoka.

Chakula na maji visipotosha baada ya siku chache, dawa zipo na hazimlazimu mama kuacha kunyonyesha. Lakitulosi ni maji matamu yanayovuta maji kuingia kwenye choo. Kipimo cha kawaida ni mililita 15 mara mbili kwa siku, na huchukua hadi siku mbili kufanya kazi, kwa hiyo asiyeona matokeo usiku wa kwanza asiitupe. Makrogoli hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Bisakodili huamsha misuli ya utumbo. Kidonge cha usiku huleta choo asubuhi, na hutumiwa kwa siku chache. Hizi haziingii kwenye maziwa kwa kiasi cha kumwathiri mtoto. Mama aliyechanika hadi kwenye msuli unaozuia choo anapaswa kuanzishiwa dawa ya kulainisha tangu mwanzo, bila kungoja afunge choo, na asiwekewe kitu chochote kwenye njia ya haja kubwa pasipo ruhusa ya aliyemshona. Utafiti kuhusu dawa hizi kwa mama waliojifungua ni mchache kupita kiasi: mapitio ya Cochrane ya 2020 yalipata majaribio matano tu, yenye akina mama 1,208. Kwa tatizo linalowapata akina mama wengi hivi, huo ni upungufu wa kusikitisha.

Visivyofaa navyo vitajwe. Mafuta ya mbarika huleta kuhara kwa maumivu, na mama hupoteza maji anayoyahitaji. Kuingiza maji ya sabuni au dawa ya mitishamba kwenye njia ya haja kubwa huunguza utumbo na kunaweza kutoboa palipo na mshono. Chumvi za kuharisha zinazonunuliwa kwenye kemisti bila maelezo hufanya kazi siku moja tu, kisha mama hurudi pale pale alipokuwa.

Kufunga choo kunakopita wiki sita licha ya haya yote kunahitaji kuchunguzwa. Kuna mama ambaye misuli ya chini ya nyonga hukaza pale inapopaswa kulegea. Anasukuma mlango uliofungwa, na nyuzinyuzi zaidi hazimsaidii. Huyo anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe kulegeza. Kuna ambaye ukuta kati ya uke na utumbo umelegea, choo kikaingia kwenye kifuko, naye hulazimika kubonyeza kwa kidole ukeni au kwenye msamba ili amalize. Wengi wanaofanya hivyo hawajawahi kumwambia mtu. Madaktari wanalijua jambo hilo, lina jina na lina matibabu. Kuna pia tezi ya shingo inayopungua nguvu baada ya uzazi, mara nyingi kati ya mwezi wa nne na wa nane: mama huhisi baridi, nywele humtoka, hachangamki, na choo hufunga. Kipimo cha damu huonyesha. Huzuni nzito baada ya kujifungua nayo huondoa hamu ya kula, kunywa na kutoka kitandani, na baadhi ya dawa zake hufunga choo.

Dalili nyingine hazingoji wiki sita. Tumbo linalovimba na kukaza huku hewa haitoki, pamoja na kutapika, hasa baada ya upasuaji; homa; usaha au harufu mbaya kwenye mshono; damu nyingi kwenye choo au choo cheusi kinachonata na kunuka vibaya; choo au hewa inayotoka bila kuzuilika; au choo kinachopitia ukeni. Mama mwenye moja ya hizo apelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya, na kutoka hapo, ikihitajika, hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru, ambayo wengi bado huiita kwa jina lake la zamani, PGH. Choo kinachovuja si aibu ya uzembe, ni jeraha la uzazi, na hushonwa.

Mwanamke aliyeajiriwa Kenya ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Anayefanya kibarua cha kutwa hurudi shambani mapema kwa sababu ya njaa, na huko choo kiko mbali na maji yako mbali. Msimamizi anayemruhusu kwenda anapoitwa na mwili wake hapotezi chochote.

Mtoto hupelekwa kupata chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mara zote tatu mtoto hupimwa uzito, kijitabu huandikwa, na mama aliyembeba amesimama pale pale mbele ya muuguzi. Muuguzi amwulize anakwendaje choo. Asipoulizwa, mama aseme mwenyewe, kwa sauti ile ile anayosemea kikohozi cha mtoto.